Studio ya kurekodi Ngarenaro, Arusha: sauti safi, karatasi hakuna

Chumba cha sauti kimepangwa vizuri: maiki ya kondensa yenye kichujio cha pumzi, mapazia mazito, na prodyuza anayemweka mwimbaji umbali wa shubiri moja ili "p" na "b" zisipasuke. Masta, yaani rekodi ya mwisho ya wimbo, unakabidhiwa kwa WAV ya 24-bit (faili la sauti lisilopunguzwa ubora), si MP3 tu. Hapo wanastahili sifa.

Shida iko kwenye biti, yaani mdundo wa ala unaoimbiwa. Nyingine zimekodiwa mtandaoni kwa leseni isiyo ya kipekee, kwa hiyo biti ileile wanaweza kuwa nayo wasanii kadhaa. Mmoja wao akiiingiza kwenye Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua kazi zenye hakimiliki, wimbo wako unadaiwa na mapato yanaweza kwenda kwake, ingawa mashairi na sauti ni vyako. Inauma sana.

Kabla ya kulipa, dai nakala ya leseni, kila ala kwenye faili lake, na karatasi ya mgawanyo (inayoonyesha nani anamiliki asilimia ngapi ya wimbo) iliyosainiwa na mtunzi, mwimbaji na prodyuza, jumla asilimia 100. Hapa hawaitoi mpaka uidai. Kisha sajili wimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, uwe na ushahidi mkononi, na hakikisha una msimbo wa ISRC, namba ya kutambulisha rekodi yako, kabla haujapandishwa mtandaoni.