Mkusanyiko wa Prokudin-Gorsky: rangi ya kweli, sio ya kupakwa

Kama kichwani mwako watu wa zamani waliishi kwenye dunia ya kijivu basi ingia tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani, kuna picha za Mrusi mmoja Sergei Prokudin-Gorsky, bure kabisa, na unadaunlodi hadi yale mafaili makubwa ya TIFF. Nyota tano.

Jamaa alizunguka dola ya Urusi mpaka 1915, Tsar Nicholas II, mfalme wa Urusi, akampa hadi behewa la treni lenye chumba cha giza cha kusafishia picha. Kioo kimoja (ndo negativu ya enzi hizo) anakipiga mara tatu, filta nyekundu, ya kijani, ya bluu, kwahiyo kioo chenyewe ni black and white tu ila ukizipandanisha zile shoti tatu, kila moja na rangi ya filta yake, rangi inatokea. Maktaba ilinunua vioo 1948 kutoka kwa warithi wake, viko 1,902, wakaviskani mwaka 2000. Ndo maana nasema hii sio kama zile app za kupaka rangi picha za kale, zile zinabahatisha, ukiipa koti la kijani inakurudishia la kahawia na huna pa kwenda kulalamika 😂 Huku rangi iliandikwa siku ileile.

Mfungue Alim Khan, amiri (mtawala) wa Bukhara, leo ni Uzbekistan, 1911. Lile joho la bluu la maua! Black and white ungeona jamaa mwenye ndevu na upanga ukapita zako. Halafu wale mabinti watatu wa kijijini wameshika matunda, 1909, magauni yanawaka, wakati wakulima wa Urusi kwenye vitabu tunawasoma kama matope matupu.

Ila angalieni, rangi nayo inalaghai. Kwa sababu zile shoti zinapigwa moja baada ya nyingine ilibidi watu watulie tuli, na msafara una baraka za Tsar, kwahiyo nchi nzima inaonekana shwari, miaka michache tu kabla ya mapinduzi ya 1917. Kisichotulia kinaumbuka, zoom kwenye maji au moshi utaona michirizi ya nyekundu na kijani. Wengine wanaona ni kasoro, mimi ndo napapenda hapo kuliko kote.

Ukisearch andika Gorskii, i mbili mwishoni, wao ndivyo wanavyoandika, na uwe na bando la maana maana TIFF hizo hazina huruma.