Maili zako za ndege: uzichome kwa biznes klasi ama ukae tu ikonomi?

Kama uko na maili, zile pointi shirika la ndege hukupa ukisafiri nao, zimelala kwa akaunti ya Asante ya KQ (Kenya Airways), ama Skywards ya Emirates, ama Avios za Qatar, jua hiyo si akiba ya benki, hazizai riba na shirika likiamua kupandisha bei ya tiketi za maili huna pa kulalamika, na za Skywards zinaisha baada ya miaka 3. Zitumie. Swali ni wapi.

Hesabu ni hivi: chukua bei ya tiketi kwa pesa, toa kodi na ada utakazolipa hata ukitumia maili, kinachobaki gawa kwa maili. Tuseme ikonomi ni 90,000, ada 30,000, maili 40,000, hapo maili moja ni shilingi 1.50. Biznes tuseme 290,000, ada 50,000, maili 80,000, inatoka shilingi 3 na hapo ndio watu huanza kushangilia. Ngoja kwanza. Hiyo 290,000 ungeitoa mfukoni kweli? Kama mwisho wako ni 130,000, weka hiyo kwa hesabu, utapata shilingi 1 na ikonomi imeshinda.

Sasa kwa mpangilio wangu.

Namba moja ni Nairobi kwenda New York ya usiku, hakuna ubishi. Ni kama saa 15 hewani, na Dreamliner (Boeing 787) ya KQ iko na viti 30 vya biznes vinavyonyooka ukalala kabisa. Vimepangwa mbili-mbili-mbili, so ukichukua dirisha utakuwa unaruka miguu ya mtu humjui saa tisa usiku ukienda choo. Chukua vya katikati, kila kimoja kiko na njia yake.

Pili, London, lakini upande mmoja tu. Kwenda ukipata ndege ya asubuhi kaa ikonomi uone muvi zako, maili weka kwa ile ya kurudi inayotoka jioni na kutua JKIA asubuhi, hasa kama unaenda kazini siku hiyo hiyo.

Tatu ni kununua ikonomi halafu ulipie biznes juu yake kwa maili. Iko sawa, ila tiketi za bei ya chini kabisa mara nyingi hazikubaliwi, uliza kabla ya kulipa.

Dubai na Doha ni kama saa 5, mchana sioni haja. Qatar wako na Qsuite, kiti cha biznes chenye mlango wake, tamu sana, lakini si kila ndege iko nayo, angalia ramani ya viti kwanza.

Mwisho kabisa ni Entebbe, Johannesburg, Mombasa. Kwa Embraer, zile ndege ndogo za KQ, kiti cha biznes ni kipana lakini hakilali, na Mombasa juisi haijaisha mmeshaanza kushuka.

Na kama mnasafiri na bibi na mtoto, maili za kiti kimoja cha biznes mara nyingi zinatosha wawili ikonomi, na sijui utamwambia nini ukilala mbele yeye akibembeleza mtoto huko nyuma.

Halafu usinunue maili wala kuhamisha pointi za kadi ya benki kabla hujaona kiti cha tarehe yako kikiwa wazi, kwa sababu zikishaingia kwa shirika kwa kawaida hazirudi.