Vitafunwa vya keto vya dada wa Soweto Mbeya: usipa hatari, biskuti hapana

Hii nimechelewa kuiandika maana nilitaka nile paketi zote kwanza. Niko kwenye keto, yaani kukata wanga, tangu mwezi wa tano, na mnaoishi Mbeya mnajua mwezi wa sita na wa saba huku kunakuwaje, saa kumi jioni baridi imeshaingia mpaka kwenye mifupa, chai ya tangawizi iko mezani na mwili unadai cha kusindikizia, sasa maandazi huli, chapati huli, hata viazi vya kuchemsha ambavyo nimekua navyo huli, unabaki unakodolea kikombe. Ndo nikaona stetasi ya dada mmoja anatengeneza vitafunwa nyumbani kwake Soweto, kaandika "havina wanga". Nikaagiza boksi la mchanganyiko elfu 25, bodaboda juu yangu.

Kilichoniua ni usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Kachukua usipa wakavu wa Kyela, katoa vichwa, kaosha mpaka hamna hata chembe ya mchanga (hapo tu apewe zawadi), kawakaanga wakakauka kabisa halafu ndimu na pilipili. Unatafuna kama krispi. Na samaki hana wanga kwa hiyo hesabu hakuna, kula tu. Shida ni ofisini, ukifungua paketi jengo zima linajua.

Makadamia za Rungwe nazo safi. Ila makadamia ni mafuta jamani, gramu 100 ina kalori kama 700, mimi nilimaliza paketi nzima naangalia tamthilia na wiki ile mzani haukusogea, nikaanza kulalamika kwamba keto ni uongo kumbe ni mdomo wangu. Afu mwanzoni nilishajidanganya, kilo 3 zilitoka ndani ya siku kumi nikajiona nimeua, kumbe nyingi ni maji, mwili ukitumia akiba yake ya wanga yale maji yaliyoshikana nayo yanatoka pia. Na zile korosho alizochanganya humo angeziacha, korosho ina wanga gramu 30 hivi kwa kila gramu 100, karibu mara mbili ya karanga.

Vijibini vya kuoka ni jibini ya Njombe, vitamu, vilifika vimelainika maana paketi haikufungwa vizuri.

Sasa biskuti. Karatasi inasema "haina ngano, haina wanga". Kuonja tu nikashtuka, utamu huu unatoka wapi? Nikamtumia meseji, "Dada samahani, biskuti umetumia unga gani?" Akajibu fasta, "Muhogo dadangu, ngano hamna kabisa, na utamu ni asali tupu."

Muhogo! Unga wa muhogo na sembe kwa wanga ni mtu na ndugu yake, na asali ni sukari tu hata kama imetoka msituni. Sidhani kama ni mwongo, amechanganya kukosa ngano na kukosa wanga, wengi tu wanachanganya. Ila mama yangu ana sukari na nilishamwekea vipande vinne pembeni, ningempa na sifa juu. (Na mama mwenyewe akitaka kuanza hii dayati nimemwambia aongee na daktari kwanza, ukiwa unatumia dawa za sukari halafu ukakata wanga ghafla inaweza kushuka vibaya.) Nilimweleza yule dada taratibu, akashukuru, akasema atabadilisha karatasi. Stetasi ya jana bado imeandikwa vilevile.

Za kwangu nimejaribu nyumbani: karanga zilizosagwa kikombe kimoja, yai moja, chumvi, unabonyeza flati, sufuria moto juu moto chini. Awamu ya kwanza ziliungua chini mkaa ulikuwa mwingi, ya pili zikatoka, hazina sura lakini zinakatika vizuri na chai.

Jumamosi nimeagiza tena, usipa paketi tatu na makadamia bila korosho, nikamwambia anifungie vipaketi vidogo vidogo vya gramu 30 nisije nikajimaliza tena, akacheka akasema ndaga, yaani asante kwa Kinyakyusa.