Nyumba ya Lincoln, Springfield: nimempeleka mama na ningempeleka tena kesho

Kama unaishi Chicago au St. Louis na umepata mgeni kutoka nyumbani, usimzungushe madukani tu, mpakie kwenye gari mpeleke Springfield, Illinois, kwenye nyumba ya Abraham Lincoln, yule aliyekuwa rais wa Marekani. Mimi nimempeleka mama mwezi uliopita, alikuja kutoka Tanga, na tangu nianze kutembeza wageni huku sijawahi kupata huduma iliyonigusa kama hii. Nyota 5 na kama zingekuwepo 6 ningezitoa.

Kwanza habari ya hela maana watu wanapigwa. Usiku wa kuamkia safari nilikuwa natafuta tiketi kwenye simu, nikaangukia tovuti moja hivi ikaniuzia "tiketi" za watu wawili, nikalipa bila kufikiri, kufika pale dirishani naambiwa tiketi haziuzwi, ni bure kwa kila mtu, na hela yangu mpaka leo sijaiona. Kwa hiyo usinunue popote, nenda moja kwa moja kituo cha wageni kule mtaa wa 7, unapewa tiketi imeandikwa muda wako, unakaa unasubiri renja, yaani mhifadhi anayetembeza wageni, awaite. Utakacholipa ni paking tu. Na hiyo bure ina asili yake: nyumba ilitolewa na mtoto wa kwanza wa Lincoln, Robert, mwaka 1887, akaikabidhi jimbo la Illinois kwa sharti kwamba itunzwe vizuri na watu waingie bila kulipa, na leo iko chini ya idara ya hifadhi za taifa na sharti la mtoto bado linaheshimiwa. Mama alilipenda sana hilo, akasema huyo mtoto alilelewa.

Ukitoka pale unatembea kwa miguu, magari hayaingii, pembeni kuna njia za mbao na nyumba za majirani zimetengenezwa zifanane na wakati ule. Ya Lincoln iko kona ya mtaa wa 8 na Jackson. Aliinunua 1844 kwa mchungaji Charles Dresser, yule yule aliyewafungisha ndoa yeye na Mary Todd Novemba 1842, akalipa dola 1,200 taslimu na kiwanja kimoja juu yake. Mwanzoni ilikuwa ndogo, vya juu vilikuwa vyumba vya darini tu, wakaipandisha ikawa ghorofa kamili 1856. Ndo nyumba pekee aliyowahi kuimiliki maisha yake yote, mtu ambaye kazaliwa 1809 kwenye kibanda cha magogo kule Kentucky.

Ziara yenyewe ni fupi, kama nusu saa. Renja wetu alikuwa mtu mzima, anaongea taratibu, alipoona namtafsiria mama akawa anasubiri nimalize ndo aendelee, hilo peke yake lilinifanya nimpende. Sebuleni akatuonyesha pale ambapo Mei 1860 wajumbe wa chama chake walikuja kumwambia rasmi kwamba ndiye mgombea wao wa urais. Halafu akatuambia mwenye nyumba mwenyewe, na ule urefu wake wa futi 6 na inchi 4, alikuwa anapenda kujilaza sakafuni kusoma gazeti, mama akacheka, akasema kama babu yenu.

Ila kilichotushika ni habari za watoto. Walizaa wavulana 4. Eddie, wa pili, aliugua karibu miezi miwili akafia humo humo ndani tarehe 1 Februari 1850, hajatimiza hata miaka 4, inafikiriwa ni kifua kikuu. Mwaka huo huo Desemba akazaliwa Willie, naye akaja kufa 1862 Ikulu, ana miaka 11, baba yake yuko katikati ya vita ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, Kaskazini na Kusini, na ndugu za Mary wa baba mmoja wako upande wa Kusini wanapigana. Tad akafa na miaka 18. Aliyebaki mpaka uzee ni Robert peke yake. Mimi natafsiri huku sauti inakwama kwa sababu mama naye alizika mtoto, kaka yangu ambaye sikuwahi kumwona, na nyumbani kwetu hatumtaji mara nyingi. Humo ndani vitu vyote huruhusiwi kugusa isipokuwa mshikio wa ngazi, ambao ni ule ule wa wakati wao, basi mama alipanda ameushika kwa mikono miwili hajasema neno.

Kule juu ndo akaniambia, mwanangu hebu muulize, huyu mwenyewe alilelewa na nani? Nikauliza. Yani renja alilifurahia hilo swali, unamwona kabisa. Akaeleza kwamba mama mzazi wa Lincoln, Nancy Hanks, alikufa Oktoba 1818 huko Indiana, mtoto ana miaka 9, ugonjwa wa maziwa, ng'ombe wanakula mmea wenye sumu na anayekunywa maziwa yao anaweza kufa. Baba, Thomas, mwaka uliofuata akarudi Kentucky akaoa mjane anaitwa Sarah Bush Johnston, akaja na watoto wake 3, na kuwakuta hawa wa marehemu wamechakaa, akawachukua wote akawalea kama wake. Shule ya Lincoln ukiijumlisha yote haifiki mwaka mmoja, lakini huyu mama alikuwa anamwachia asome, anamkingia kifua. Na mwanzoni mwa 1861, Lincoln akiwa rais mteule, kabla ya kwenda Washington alisafiri kwenda kumuaga. Sisi mama wa kambo tumezoea kumsikia kwenye hadithi za kunyimwa chakula na kutumwa usiku, mama alisimama pale anasema muulize tena, alimuaga kweli?

Mkitoka msikimbilie gari. Hatua chache tu kuna kiwanja cha Jameson Jenkins, jirani yao mtu mweusi huru ambaye aliwasaidia watumwa waliotoroka, na ndiye aliyempeleka Lincoln stesheni na mkokoteni wake tarehe 11 Februari 1861. Stesheni yenyewe bado ipo, si mbali, pale aliwaambia watu wa Springfield kwamba hapa ndo wanawe walizaliwa na mmoja amezikwa hapa. Hakurudi tena akiwa hai.

Chakula cha mchana tulikula mahali karibu, mkate na nyama vimefunikwa chipsi na mchuzi wa jibini juu, huko wanauita horseshoe, mimi nilimaliza, mama alikula chipsi. Baadaye tukaenda makaburini Oak Ridge, yuko yeye, Mary, Eddie, Willie na Tad, Robert alizikwa Arlington, makaburi ya taifa karibu na Washington. Mary alifia hapo hapo Springfield 1882, kwenye nyumba ya dada yake, nyumba ile ile alimofungia ndoa miaka 40 kabla. Nilikuwa nasikia tu anatajwa kama mke mkorofi, sasa kila nikisikia hivyo nakasirika, mwanamke amezika watoto 3 na mume kapigwa risasi amekaa pembeni yake.

Nendeni asubuhi na mapema, tiketi huwa zinaisha siku zenye watu wengi. Vaeni viatu vya kutembelea. Na kama unaenda na mzazi asiyejua Kiingereza mwambie renja mapema, usione haya.

Njiani kurudi mama alimpigia shangazi simu. Habari za urais hakuzigusa kabisa, alimsimulia Sarah Bush, tumepita Bloomington bado anasimulia.