Dodoso au jikoni: kipi kinamwonyesha mtoto aliyeumia ubongo?
Mtoto anaweza kufaulu majaribio ya mezani, kisha asubuhi akashindwa kupanga begi la shule. Hapo ndipo ubishi unapoanzia.

Dodoso la BRIEF la mwaka 2000, linalouliza jinsi mtoto anavyopanga mambo na kujidhibiti kila siku, lina maswali 86 kwa mzazi au mwalimu. Halichukui muda na hurudiwa kirahisi. Ila linategemea jicho la anayejaza, na mama aliyechoka hujaza na uchovu wake.

Jaribio la mapishi lililobuniwa Ufaransa humtaka mtoto aoke keki ya chokoleti na kutengeneza kinywaji cha matunda. Unamwona akiruka hatua, akiuliza lile lile, akisahau oveni. Mimi naliamini zaidi. Lakini linataka jiko, viungo na mtaalamu wa kusimamia.

Kliniki yenye foleni, ianze na dodoso. Mzazi na mwalimu wakipishana, mtoto aingie jikoni.