Tundu la wavu kwa tetea aliyegeuka mkali

Nimetengenezewa tundu hili na fundi wa kuchomelea hapa Kihonda, Morogoro, kwa shilingi 45,000. Kila upande una sentimita 60, miguu ya nondo inaliinua kama futi moja kutoka ardhini, na sakafu yake ni wavu mtupu. Halina ubao, halina majani wala kona ya kujificha. Kazi yake ni kumwachisha kuku kuatamia, basi. Kwa kazi hiyo nalisifu, ingawa lilikuja na kasoro ambazo zingemuumiza kuku wangu kama ningezinyamazia.

Kuku mwenyewe anaitwa Madoa. Ni tetea wa kienyeji, tumemlea ndani tangu mwewe awamalize ndugu zake. Anakula mkononi, anabebwa na binti yangu kwapani, na akisikia sufuria ya ugali inakwanguliwa huyo mlangoni. Halafu akabadilika. Ukipita karibu na boksi lake la kutagia anafutua manyoya, anachanua mkia na kuguna kwa sauti nzito. Ukinyoosha mkono anadonoa, anang'ang'ania na kusokota ngozi. Mtoto alitoka damu, tukamwosha kwa maji na sabuni. Majirani wakashauri achinjwe kabla hajamtoboa mtu jicho. Hofu ya jicho ni ya kweli, kwa hiyo watoto nikawazuia kabisa kuinamia lile boksi. Kuchinja nilikataa. Mnyama aliyekuzoea akibadilika ghafla, ana sababu.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kwa fundi, mchunguze kuku wako. Anayetaka kuatamia hatoki kwenye boksi hata kama hana yai chini yake. Ukimtoa anarudi palepale. Anajinyonyoa kifuani ili ngozi iguse mayai, upanga wake wa kichwani unapauka, na akitoka kidogo kula anaacha choo kimoja kikubwa chenye harufu kali. Madoa alikuwa na dalili zote hizo. Kinachomsukuma ni homoni iitwayo prolaktini, na inaendelea kuchochewa na kiota chenyewe: giza, utulivu, joto chini ya tumbo. Ndiyo maana sakafu ni wavu na tundu lina miguu. Hewa inapita chini yake, tumbo linapoa, hapati pa kutulia, na mwili unaacha kujiandaa kwa zile siku 21 za kuangua.

Kama ukali umetokana na jambo jingine, tundu hili halitakusaidia. Mwenye vifaranga anawalinda wanawe, mwacheni. Kuku aina ya kuchi wana ugomvi wa asili. Kuku mwenye utitiri, magamba ya miguu yakiwa yameinuka na kukakamaa, huenda anadonoa kwa sababu anaumia ukimshika, naye anahitaji dawa. Na kama una jogoo na unataka vifaranga, mwekee mayai aatamie kwa raha zake. Mimi sina jogoo. Madoa angekaa kwenye boksi tupu akidhoofika bure.

Wapo wanaomtumbukiza kuku kwenye ndoo ya maji baridi, au wanamfunga kamba mguuni juani. Naomba tuache. Kamba inachuna mguu, na kuku ambaye tayari anauogopa mkono wako unazidi kumfundisha kuuogopa.

Nilimhamisha usiku, kwa sababu gizani kuku hana vita. Nilimfunika kanga, nikamwinua, nikamweka tunduni taratibu. Mchana tundu lilikaa kivulini chini ya mwarobaini, wenzake wakichakura karibu, na maji, pumba na dagaa wa kusaga havikukosekana. Usiku niliingiza tundu jikoni, maana kicheche hapa kwetu hakosi. Mwanzoni alilala juu ya wavu vilevile, amefutuka. Baadaye akaanza kusimama, kisha kujisafisha manyoya, kisha kuwaita wenzake. Kwa kawaida siku 3 hadi 5 zinatosha, hasa ukianza mapema kabla hajakolea. Kipimo ni kumfungulia: akienda kuchakura, amepona; akikimbilia boksi, mrudishe. Madoa sasa anabebwa tena kwapani. Mayai ndiyo yalichelewa, lakini hilo ni la kawaida, mwili unahitaji muda.

Sasa kasoro. Tulikubaliana wavu wenye matundu ya nusu inchi, fundi akafunga wa inchi mbili. Nilipoingiza kidole tu nikaona mguu wa kuku ungezama mpaka pajani. Alibadilisha, lakini akanidai pesa ya wavu mpya, na hilo halikunipendeza kwa sababu vipimo nilimwandikia. Ncha za waya zilikuwa zimeelekea ndani, nikazipinda mwenyewe kwa koleo. Rangi ya kuzuia kutu ilikuwa bado inanuka, ikabidi tundu lianikwe nje kwanza. Na mlango ni wa ubavuni, mdogo. Kumtoa kuku mkali kwa mlango wa ubavuni ni kumpelekea mkono usoni.

Kuchomelea kwenyewe ni imara, halitikisiki, na sakafu inasafishika kwa maji tu kwa sababu choo kinadondoka chini. Nikiagiza jingine nitaomba mlango wa juu, wavu nitanunua mwenyewe dukani, na sitalipa mpaka nipitishe kiganja ndani kila upande bila kuchomwa.