Colosseum ya vipande 9,036 kwenye meza ya darasa la uashi Dodoma

Seti ya Colosseum, ule uwanja wa kale wa maonyesho wa Warumi ulioko Roma, ya kampuni ya LEGO inayotengeneza matofali ya plastiki ya kuchezea, ilitoka Novemba 2020 ikiwa na vipande 9,036, na wakati huo hakukuwa na seti nyingine ya kampuni hiyo yenye vipande vingi kuishinda. Bei yake nchini Marekani ilikuwa dola 549.99, ambazo kwa viwango vya mwaka ule zilizidi shilingi milioni moja na laki mbili. Mimi ni mwalimu wa uashi hapa Dodoma, na seti hii niliipata kama zawadi kutoka kwa shemeji yangu anayeishi Ulaya. Tuliijenga nyumbani Ilazo kwa wiki sita, mimi na binti yangu wa kidato cha pili, kisha nikaihamishia darasani. Kwa kuwa sikuipokea kama pambo, naipima kwa swali la kazi yangu: mtu akimaliza kuijenga, atakuwa ameelewa Warumi walijengaje?

Kuhusu sura ya jengo, jibu ni ndiyo, na kwa kiwango kilichonifurahisha sana. Ukuta wa nje wa Colosseum una ghorofa tatu za matao zilizopambwa kwa nguzo za mitindo mitatu, wa Kidori chini, wa Kiionia katikati na wa Kikorintho juu, halafu ghorofa ya nne isiyo na matao, yenye nguzo bapa zilizobandikwa ukutani. Mfano huu unafuata mpangilio huo bila kuruka hatua, na kwa kuwa unajenga nguzo za kila ghorofa kwa mkono wako, tofauti ya vichwa vyake inakukaa akilini kuliko ukisoma kitabuni. Binti yangu, ambaye hakuwahi kufundishwa habari hizi, alinionyesha picha ya jengo jingine kabisa akaniambia, “Baba, hizi ni zile za ghorofa ya pili,” na alikuwa sahihi.

Uzuri mwingine ni kwamba watengenezaji wameliiga jengo kama lilivyo leo, likiwa limebomoka. Upande wa kusini ukuta wa nje haupo, kwa sababu sehemu kubwa yake ilianguka kwa matetemeko ya ardhi, hasa lile la mwaka 1349, na kwa hiyo unaona ngazi za viti zilivyobebwa na kuta za ndani. Katikati, pale sakafu ya uwanja isipokuwepo, zinaonekana njia za chini walikowekwa wanyama. Wanafunzi wangu hupata shida kubwa kusoma mchoro wa mkato, yaani ule unaoonyesha jengo kana kwamba limekatwa ili ndani yake paonekane. Hapa wanaingiza kidole ndani ya mkato wenyewe, na maelezo yangu yamepungua kwa nusu.

Tatizo linaanza ukichukua futi. Boksi linasema mfano una urefu wa sentimita 59, upana wa 52 na kimo cha 27. Jengo lenyewe lina urefu wa mita 189, upana wa mita 156 na kimo cha takriban mita 48. Ukigawanya urefu kwa urefu unapata kipimo cha 1:320 hivi, na kwa kipimo hicho kimo kingekuwa sentimita 15 tu. Kitako kimehesabiwa ndani ya hizo 27, lakini hata ukikitoa, jengo limenyanyuliwa kuliko lilivyo kweli. Sababu naielewa, kwani ghorofa ya chini yenye mita kumi na nusu ingebanwa ndani ya sentimita tatu na kidogo, na hapo ndipo tao, nguzo na mstari ulio juu yake vingetakiwa kutosha. Hata hivyo anayefundisha uchoraji awaambie wanafunzi mapema kwamba wasichukue vipimo hapa, maana nilimkuta mmoja ameshaanza.

Jambo lililonigusa zaidi ni matao. Katika mfano huu tao ni kipande kimoja cha plastiki kilichotoka kiwandani kimepinda, na kinashikwa na vinundu vya kipande cha chini yake. Hivyo ndivyo matofali ya kuchezea yalivyo. Lakini tao la Kirumi halishikwi na kitu cha namna hiyo: mawe yaliyochongwa kwa umbo la kabari hupangwa juu ya kiunzi cha mbao kutoka pande zote mbili, na likishawekwa lile la juu katikati, kila jiwe linamsukuma jirani yake na mzigo unateremka hadi chini. Kijana mmoja aliuliza, “Mwalimu, kwa hiyo tukitoa mbao, kinachozuia lisisambae ni nini?” Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku tuliyomaliza kujenga.

Tulitoka nje tukachukua matofali ya kuchoma, udongo na kipande cha plaiwudi nilichokikata nusu duara. Tao la kwanza lilisimama muda mfupi baada ya kutoa mbao, kisha miguu ikateleza kwenda nje na lote likashuka. La pili tuliliongezea kozi sita, yaani safu sita za matofali, kila upande. Mbao zikatoka, na kijana yule akalipanda. Ndipo tuliporudi ndani kuutazama upya ukingo ambapo ukuta wa nje unakatika, nikawaeleza kwamba tao la mwisho pale lilikuwa limempoteza jirani wa kulikinga, na kwa hiyo mwanzoni mwa karne ya 19 msanifu majengo Raffaele Stern alilijengea ukuta mnene wa kuliegemeza. Hapo hawakuhitaji maelezo zaidi.

Kuhusu ujenzi wenyewe, jiandae kwa marudio. Unajenga sehemu ileile mara nyingi, na kuanzia wiki ya tatu tulikuwa tukifanya saa moja tu kwa siku. Rangi za mchanga zinakaribiana mno, kwa hiyo usiijenge usiku kwa taa hafifu.

Kwa bei hii siwezi kumshauri mwalimu ainunue kwa mshahara wake. Chuo chenye somo la uchoraji au historia ya majengo kikiweza, kiinunue, na siku hiyohiyo kitafute matofali ishirini ya kuchoma na kipande cha plaiwudi. Yetu inakaa kwenye meza ya nyuma, na upepo wa kiangazi wa hapa Dodoma umetufundisha kuifunika kwa shuka kila jioni, kwa sababu vumbi likishaingia kwenye matao yale madogo linatoka kwa brashi ya rangi tu, tao moja baada ya jingine.